Saa, Tarehe na Namba Kwenye Simu Yako: Zipange Vizuri Kabla Hazijakupotezea Mteja



Leo siongelei kamera wala matangazo ya kulipia. Tunaingia kwenye mipangilio ya simu, ile sehemu ambayo wengi tunaigusa siku ya kununua simu tu, halafu basi. Angalia meseji hii, nina uhakika na wewe unapata za hivi kila wiki:

"Boss, nakuja kuchukua mzigo 5/6 saa 2. Bei si ile ile 85.500?"

Fupi, ya kawaida kabisa. Lakini ina mitego mitatu. 5/6 ni tarehe 5 Juni au tarehe 6 Mei? Saa 2 ni ya asubuhi, ya usiku, au ni mtu anayesoma saa kama simu inavyoandika, kwa hiyo anamaanisha saa 8 mchana? Na 85.500 ni elfu themanini na tano na mia tano, sawa, lakini ukiiingiza kwenye kikokotoo cha simu hivyo hivyo na nukta yake, simu nyingi za huku zitasoma themanini na tano na nusu.

Kwa mtu anayeuza dukani mteja akiwa mbele yake, hii siyo shida. Mtaelewana kwa macho. Sisi wa mtandaoni hatuna macho ya mteja. Tuna maandishi tu. Kwa hiyo tarehe ikisomwa vibaya mzigo unaondoka siku siyo, bodaboda anafika hakuna mtu, na nauli yake unalipa wewe.

Mimi niliishia kidato cha nne, mambo ya simu nimejifunza kwa kubonyeza bonyeza. Nauza madera na mikoba nikiwa Tanga, wateja wangu wengi wapo Dar, Mombasa, Unguja na wachache Muscat. Nitakuelekeza kile ninachokitumia kila siku.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza: mipangilio ya simu inabadilisha kile unachokiona WEWE. Haibadilishi kile anachokiona mteja. Ukiweka simu yako vizuri, umemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna unavyoandika. Tutafanya zote mbili.

1. SAA

Simu nyingi zinakuja na mtindo wa saa 12, ule wa AM na PM. AM ni kuanzia saa 6 usiku mpaka kabla ya saa 6 mchana. PM ni kuanzia saa 6 mchana mpaka kabla ya saa 6 usiku. Hapo ndipo watu wanapopotea, hasa kwenye 12. Simu ikiandika 12:00 PM ni mchana wa jua kali, na 12:00 AM ni usiku wa manane. Ukipanga posti itoke yenyewe saa 6 mchana halafu ukachagua AM, itatoka watu wamelala.

Ushauri wangu: weka mtindo wa saa 24. Hapo hakuna AM wala PM. 08:00 ni asubuhi, 20:00 ni usiku, hakuna kubishana.

Kwa simu za Tecno, Infinix na nyingine nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Mfumo, kisha Tarehe na saa, halafu washa muundo wa saa 24. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, njia ni Settings, System, Date & time. Samsung wao wameiweka Settings, General management, Date and time. iPhone ni Settings, General, Date & Time, kisha washa 24-Hour Time. Ukiona njia haifanani na simu yako, ndani ya Settings kuna sehemu ya kutafutia. Andika "date" au "tarehe", itakuletea yenyewe.

Ukishawasha, hata saa za meseji za WhatsApp zitabadilika na kufuata mtindo huo. Ukirudi kutafuta mteja alikuandikia saa ngapi, unasoma moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye saa yetu ya Kiswahili. Simu haina kitufe cha kuiweka. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka, simu inaanza kuhesabu usiku wa manane, tofauti ni saa 6. Hesabu yake ukiwa na mtindo wa saa 24 ni hii:

- Simu ikisoma 7 mpaka 18, toa 6. Yaani 09:00 ni saa 3 asubuhi, 13:00 ni saa 7 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni.
- Ikisoma 19 mpaka 23, toa 18. Yaani 20:00 ni saa 2 usiku, 23:00 ni saa 5 usiku.
- Ikisoma 1 mpaka 6, jumlisha 6. Yaani 04:00 ni saa 10 alfajiri, 06:00 ni saa 12 asubuhi.
- 00:00 yenyewe ni saa 6 usiku.

Kama una kijana wa kukusaidia dukani na hesabu hii inamsumbua, kuna ujanja mmoja. Fungua programu ya Saa, bonyeza alama ya kujumlisha, ongeza mji wa Buenos Aires. Huo ni mji wa Argentina, uko nyuma yetu saa 6 kamili. Kwa mtindo wa saa 24, huku ikiwa saa 3 asubuhi, pale panasomeka 03:00. Huku saa 10 jioni, pale 10:00. Kuanzia asubuhi mpaka jioni unasoma saa ya Kiswahili kama ilivyo. Usiku toa 12 tu: pale pakisoma 14:00, kwetu ni saa 2 usiku. Ila sikiliza, huo mji unauongeza kama saa ya pili tu. Usiende kubadilisha saa ya simu nzima iwe ya Argentina. Meseji zako zote zitaonyesha saa za ajabu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kuna dada mmoja tunafahamiana, anaoka keki. Mteja aliandika "sherehe ni saa 12". Mteja kakulia kwenye kusoma saa ya simu, alimaanisha mchana, saa 6 yetu. Dada akapanga keki ifike jioni. Watoto wakaimba bila keki. Pale hakuna aliyekosea kuandika. Kila mtu aliandika kwa saa yake.

Kwa hiyo sheria ni hii: ukimjibu mteja, usiandike saa peke yake. Andika saa, kipindi cha siku, na saa ya simu. Mfano: "Mzigo utafika saa 2 usiku, 20:00." Ni herufi chache sana, lakini mteja akisoma hata kama kazoea saa ya Kizungu anaelewa. Wateja wa Mombasa na Nairobi wengi huandika "2pm" moja kwa moja, na wewe mrudishie vile vile: "Sawa, 14:00, saa 8 mchana."

Na kama unatoa ofa yenye mwisho, usiandike "mwisho saa 6 usiku tarehe 30". Saa 6 usiku ndiyo mpaka wa siku mbili. Mmoja ataelewa usiku wa kuamkia tarehe 30, mwingine usiku wa kuamkia tarehe 1. Huku kwetu pwani wazee ndiyo kabisa, usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Andika "mwisho tarehe 30 saa 5:59 usiku, 23:59". Umemaliza ubishi.

2. TAREHE

Hapa ndipo pesa zinapopotea kimya kimya.

Simu nyingi zinakuja zimewekwa Kiingereza cha Marekani. Wamarekani wanaanza na mwezi, kisha siku. Sisi Tanzania, na Kenya pia, tunaanza na siku. Kwa hiyo simu yenye mpangilio wa Marekani itaandika tarehe 5 Juni 2026 hivi: 6/5/26. Wewe unasoma tarehe 6 Mei.

Ukifika tarehe 13 na kuendelea hakuna tatizo, maana hakuna mwezi wa 13. Tatizo ni tarehe 1 mpaka 12 za kila mwezi. Nimepiga hesabu: siku 12 mara miezi 12 ni 144, toa zile 12 zinazofanana kama 1/1 na 2/2, zinabaki siku 132 kwa mwaka ambazo zinaweza kusomeka kwa namna mbili. Ni zaidi ya theluthi ya mwaka.

Sasa angalia wajanja wanavyoweza kukupitia hapo. Leo tuseme ni tarehe 12 Juni. Mtu anakwambia, "Mbona nilishalipa wiki iliyopita siku ile tulipochati," na anakutumia skrinshoti ya muamala wenye tarehe 6/5/26. Wewe unaangalia kwenye orodha ya chati zako, unaona jina lake na 6/5/26. Unasema kweli, zimeoana. Unatoa mzigo. Kumbe meseji nyingi za miamala ya simu za huku zinaanza na siku, kwa hiyo ile ni tarehe 6 Mei, muamala wa zamani wa mzigo mwingine. Na chati yako, kwa kuwa simu yako iko Kimarekani, ni ya tarehe 5 Juni. Namba zinafanana, siku zimepishana mwezi mzima.

Ndiyo, najua, skrinshoti siyo malipo. Angalia salio lako na meseji yako mwenyewe kila siku, hata mteja awe nani. Lakini tarehe iliyokaa vizuri inakushtua mapema kabla hujaanza kufunga mzigo.

Kurekebisha: kwenye Android tarehe inafuata lugha na nchi uliyochagua. Nenda Settings, System, Languages, ongeza lugha. Ukitaka Kiswahili chagua Kiswahili cha Tanzania au Kenya. Ukitaka kubaki na Kiingereza chagua English halafu nchi yake iwe Tanzania, Kenya au United Kingdom. Kisha ivute iwe ya kwanza juu. Samsung inaanzia General management. Kwenye iPhone nenda Settings, General, Language & Region, na kwenye Region chagua nchi yako. iPhone zenye iOS 16 na kuendelea zina Date Format pia, unachagua mwenyewe tarehe ikae vipi.

Ukimaliza, rudi kwenye orodha ya chati za WhatsApp, shuka chini mpaka za mwezi uliopita, uone zinaanza na siku au bado.

Hapo hapo cheki mambo mawili zaidi.

La kwanza, siku ya kuanza wiki. Kalenda ya Kimarekani inaanzia Jumapili. Ukizoea kalenda inayoanza Jumatatu, jicho linakudanganya, unagusa mstari wa pili ukidhani Jumanne kumbe ni Jumatatu. Kwenye iPhone ipo hapo hapo Language & Region, First Day of Week. Android 14 na kuendelea ina sehemu inaitwa Regional preferences ndani ya Languages. Google Calendar nayo ina mpangilio wake wa siku ya kuanza wiki, uweke pia.

La pili, mwaka. Hii ni kwa wanaonunua iPhone za mtumba. Ukiona simu inaandika mwaka 2569 usishtuke, haijaharibika. Imewekwa kalenda ya Kibudha inayotumika Thailand, iko mbele yetu miaka 543. Ingia Language & Region, kisha Calendar, chagua Gregorian.

Na kwa tunaouza nguo za Idi, tende, mikeka na vitu vya futari: Google Calendar inaweza kukuonyesha tarehe za Kiislamu chini ya tarehe za kawaida. Ingia Settings za Google Calendar, General, kisha Alternate calendars, chagua Hijri. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani inakuja mapema zaidi kila mwaka. Ukiagiza mzigo kwa kukumbuka tu mwaka jana ilikuwa lini, utachelewa. Simu inakupa makadirio mazuri ya kupanga oda, ila mwezi unaandama ukionekana, inaweza kupishana siku moja.

Kwenye kuandika sasa. Usiandike 5/6. Andika jina la siku, tarehe, na jina la mwezi: "Ijumaa tarehe 5 Juni". Jina la siku ndiyo kufuli. Tarehe 5 Juni 2026 ni Ijumaa, tarehe 6 Mei 2026 ni Jumatano. Mmoja akiwa amekosea, jina la siku litamwambia. Na hizi J3, J4, J5 za kuchati tuzipunguze kwenye biashara. "Njoo J5" na "njoo tarehe 5" zinafanana mno kwa mtu anayesoma huku anavuka barabara.

Kama unahifadhi picha za risiti au mafaili ya oda kwenye simu, yape jina kwa kuanza na mwaka: 2026-06-05. Huo mtindo unajulikana dunia nzima, na uzuri wake ni kwamba mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku. Ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zinakaa pamoja, hupati kitu.

3. NAMBA NA BEI

Andika kwenye kikokotoo cha simu yako 1500 mara 1000. Jibu linakaa vipi?

Kama ni 1,500,000 uko sawa kwa huku kwetu. Mkato unatenganisha maelfu, nukta inatenganisha sehemu ya kumi. Kama ni 1.500.000 au 1 500 000, simu yako iko kwenye mpangilio wa nchi kama Ujerumani au Ufaransa. Kule mambo ni kinyume, mkato ndiyo nukta yao. Simu nyingi za mtumba kutoka Ulaya zinakuja hivyo. Kwenye iPhone rekebisha Number Format ndani ya Language & Region, kwenye Android irekebishe kwa kubadilisha nchi ya lugha kama nilivyoeleza kwenye tarehe. Kama unatunza hesabu kwenye Google Sheets, kila faili lina mpangilio wake wa nchi na wa saa za eneo, kwa hiyo licheki peke yake.

Kwa nini ujali? Kwa sababu wateja wetu wanatoka pande zote. Mteja wa Goma, Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kukuandikia 85.500 au 85 500 akimaanisha elfu themanini na tano na mia tano. Mteja wa Muscat ndiyo kinyume chake. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo bei zao zina namba tatu baada ya nukta. Akikuandikia 1.500 ni riali moja na nusu. Siyo elfu moja na mia tano! Muuzaji wa viungo Unguja asiyejua hilo anaweza kufurahi bure.

Na mteja wa Oman anaweza kukuandikia kwa tarakimu za Kiarabu. Hapo kuwa makini: 5 yao ni ٥, inafanana na sifuri yetu. 6 yao ni ٦, inafanana na 7 yetu. Sifuri yao ni ٠, nukta tu. Kwa hiyo ٦٥٠ ni 650, siyo 70 na nukta. Zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, ingawa maandishi yao yanaanzia kulia. Kama ni simu yako mwenyewe inayoonyesha hivyo, labda imetoka Dubai au Muscat, badilisha lugha iwe ya kwako, au kama unataka kubaki na Kiarabu, kwenye Android 14 na kuendelea angalia Regional preferences, sehemu ya namba.

Halafu kuna mtego ambao simu haihusiki, ni wa kwetu wenyewe. "Elfu mia mbili" kwenye sauti ya WhatsApp. Ni 200,000 au ni elfu moja na mia mbili, 1,200? Wote tunajua mtu anaweza kusema hivyo akimaanisha yoyote. Kwa bei kubwa tumia laki, sema "laki mbili". Kwa ndogo sema "elfu moja na mia mbili". Na ukishasema kwa sauti, malizia kwa maandishi yenye tarakimu.

Kwenye posti, wengi tunaandika "Bei 25" tukimaanisha elfu ishirini na tano. Wa mtaani kwako anaelewa. Mkenya anaona 25, anafikiria shilingi 25 za Kenya, au anaona ni utapeli, anapita. Andika TSh 25,000. Kwa Mkenya andika KSh kabisa.

4. ACHA SIMU IJIPANGE YENYEWE

Kwenye ile ile sehemu ya Tarehe na saa kuna kitufe cha kuweka saa kiotomatiki. Kiwe kimewashwa. Watu huzima kwa sababu za michezo ya simu, wanarusha siku mbele wapate zawadi, halafu wanasahau kurudisha.

Tarehe ikiwa siyo sahihi, WhatsApp inakataa kufanya kazi, inakuambia urekebishe saa kwanza. Tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikidai siyo salama. Zile namba za siri za programu za uhakiki zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 zinakataa. Na picha za bidhaa ulizopiga leo zinakaa kwenye siku siyo. Kabla hujampelekea fundi simu au kununua bando jingine, cheki tarehe.

Wenzangu wa mipakani, Kigoma, Ngara na huko, nyinyi kuna kitu cha ziada. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu saa moja. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa inaweza kurudi nyuma saa nzima bila wewe kujua, na basi halikusubiri. Zima saa za eneo za kiotomatiki, chagua mwenyewe Dar es Salaam au Nairobi, GMT+03:00.

5. MTEJA NA MSAMBAZAJI WA MBALI

Kwenye programu ya Saa ongeza miji ya watu unaofanya nao biashara. Hizi ndizo tofauti za kawaida kutoka Tanzania, Kenya na Uganda:

- Muscat na Dubai wako mbele saa 1.
- China yote, Guangzhou na Yiwu zikiwemo, iko mbele saa 5 mwaka mzima.
- Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako nyuma saa 1. Kinshasa nyuma saa 2.
- London nyuma saa 3, ila kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba nyuma saa 2, maana wao wanasogeza saa.

Ukimwandikia msambazaji wa Guangzhou saa 7 mchana, kule tayari ni 18:00, mtu anafunga ofisi. Mtafute asubuhi. Saa 10 alfajiri ya huku kwao ni 09:00, wameshafungua, kwa hiyo ukiacha meseji usiku, ukiamka unakuta jibu. Na bidhaa zao tarehe huanza na mwaka. Ukikuta kwenye kopo 2026/05/06 bila jina la mwezi, ni 6 Mei 2026. Mteja akikuuliza mwisho wa matumizi, mwandikie kwa maneno, usimtumie picha peke yake.

6. MAJIBU YA KUWEKA TAYARI

Hakuna mwenye muda wa kuandika yote haya kila mara, na ndiyo maana tunarudi kwenye AM na PM. WhatsApp Business ina majibu ya haraka, Quick replies, ndani ya Business tools. Unaandika jibu mara moja, unalipa kifupi, ukichati unaandika mkwaju na kifupi chake, linakuja. Langu la kuthibitisha oda liko hivi, lichukue ubadilishe utakavyo:

"Asante kwa oda. Nathibitisha: dera 2, jumla TSh 85,500, elfu themanini na tano na mia tano. Litakufikia Ijumaa tarehe 5 Juni, saa 2 usiku, 20:00, saa za Afrika Mashariki. Kama kuna kitu hakiko sawa niambie kabla sijafunga mzigo."

Ile sentensi ya mwisho usiitoe. Mteja akiisoma anarudi juu kukagua, na kama kuna kosa mnaliona wote wawili wakati mzigo bado uko kwako.

Halafu ingia kwenye wasifu wa biashara yako ukague saa za kazi ulizoandika. Wengi wameweka 2:00 AM wakimaanisha saa 2 asubuhi. Mteja mpya akiona duka linafunguliwa usiku wa manane, haulizi. Anaenda kwa mwingine.

Anza na vitu vitatu leo hii: washa saa 24, toa tarehe kwenye mtindo wa Kimarekani, tengeneza jibu la kuthibitisha oda. Dakika kumi hazifiki. Kama simu yako menyu zake haziko kama nilivyoeleza, andika aina ya simu hapo chini tuelekezane.

Biashara njema.